Bahari umeiweka wapi?

Tulifika usiku wa manane kwenye nyumba tuliyokodi kisiwani. Tuliisikia bahari ikinguruma chini ya baraza, tukalala roho kwatu. Kesho yake saa nne asubuhi mume wangu akatoka na taulo begani, akasimama kwenye ngazi, akaniita: "Mama watoto, bahari umeiweka wapi?"

Mbele yetu ulikuwa mchanga wa kijivu, vidimbwi, nyasi za baharini zimelala kama nywele zilizolowa. Mbali kabisa kulikuwa na mstari mweupe mwembamba, mawimbi yakivunjikia kwenye mwamba wa matumbawe. Tukaifuata. Dakika ishirini za kutembea na maji bado hayajavuka vifundo vya miguu. Njiani nikakanyaga mmoja wa wale viumbe weusi wenye miiba, nikarudi nachechemea huku nimeegemezwa kama bibi harusi. Siku ya kwanza maji yalikauka saa nne. Siku ya tano, ya kuondoka, yalikauka karibu saa saba mchana. Yakirudi, jua linaenda zake nasi tumechoka kusubiri.

Kisiwa chenyewe sikitaji, maana hakina kosa. Wala mwenye nyumba hakudanganya: picha yake ilionyesha maji ya buluu yakigusa ngazi, na ngazi yanaigusa kweli, jioni. Kosa ni langu. Kwenye picha za wageni waliotutangulia kulikuwa na mashua imelala ubavu mchangani. Niliiona kwa macho yangu, nikamwonyesha mume wangu, nikasema, tazama mandhari hiyo! Mashua hailali ubavu kwa urembo. Imeachwa na maji.

Siku hizi kabla sijatazama kitanda natazama mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana, hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Saa za maji nazo husogea mbele kila siku, kwa wastani wa dakika 50 hivi. Hayo mvuvi yeyote atakwambia. Lililonichukua muda kulielewa ni hili: mahali pamoja, bamvua hukausha maji karibu saa zilezile kila inaporudi. Sisi tulifika mwezi mpevu, pwani ambayo bamvua yake hukauka saa nne asubuhi. Tungechelewa wiki moja tu, saa nne ileile tungekuta maji yamejaa. Chumba kilekile, ngazi ileile.

Kwa hiyo simwulizi tena mwenye nyumba kama bahari iko karibu. Kila mtu atajibu iko karibu. Namwuliza: maji yakipwa, natembea hatua ngapi mpaka yanifike kiunoni? Anayeijua pwani yake anakupa hesabu. Anayenijibu "mandhari ni ya kuvutia sana" namshukuru na kuendelea na wengine.

Mwezi hauna kazi hiyo kila mahali. Visiwa vingi vya Karibiani, na hata Mauritius, kujaa na kupwa kwake hakufiki mita moja. Huko linaloamua ni upepo. Mauritius hupigwa na upepo wa kusini-mashariki, na kuanzia Juni mpaka Septemba huwa mkali, kwa hiyo Belle Mare, upande wa mashariki, utashikilia kofia siku nzima wakati wenzako wa Flic en Flac, upande wa magharibi, wanaelea kimya. Barbados ni vilevile: magharibi maji yametulia, mashariki kule Bathsheba mawimbi ni ya wanaoteleza kwa ubao, si ya mtu anayejifunza kuogelea. Tena tangu 2011 magugu ya baharini yaitwayo sargassum yamekuwa yakisukumwa na bahari hadi kwenye fukwe za Karibiani, hasa zinazotazama mashariki, na yakianza kuoza harufu yake inaingia mpaka kwenye mto wa kulalia.

Lakini msikimbilie wote upande uliokingwa. Mimi nilikimbilia, safari ya pili. Maji yalikuwa kama kioo, kweli, na usiku hewa ikasimama. Feni ilizungusha joto lilelile, mbu wakatufanyia sherehe, na nikaukumbuka ule upepo wa kushikilia kofia. Kama chumba hakina kiyoyozi, afadhali upepo. Kama unaye mtoto mdogo, afadhali utulivu, na joto mtalivumilia.

Mvua nayo haifuati nchi. Phuket na Koh Samui zote ni Thailand, lakini Phuket hulowa zaidi kati ya Mei na Oktoba, na Samui kati ya Oktoba na Desemba. Mtu anayeuliza "Thailand mvua ni lini?" atapewa jibu sahihi la kisiwa kingine. Na Maldives, kabla ya kulipia hoteli ya mbali inayofikiwa kwa ndege ya majini, tazama ndege yako inatua saa ngapi: ndege za majini huruka mchana tu, ukitua usiku unalala mji mkuu, kwa gharama yako.

Mambo ya chumbani sina mengi. Naulizia kama maji ya bafuni yana chumvi, kwa sababu visima vya visiwa vidogo huingiliwa na bahari na sabuni inakataa kutoa povu. Na jenereta liko upande gani.

Kinachonichukua jioni nzima ni picha ya setilaiti. Mume wangu huniona nimeinamia simu, anadhani nachati. Natafuta ule mstari mweupe wa mwamba. Ukiwa mbali na ufukwe, na katikati rangi imepauka kama maziwa yaliyozidishwa maji, hapo pana kina kifupi na kutembea kwingi. Buluu nzito ikisogea karibu na mchanga, ndipo pa kuogelea. Mabaka meusi yanaweza kuwa nyasi au matumbawe. Pakiwa hivyo nabeba viatu vya majini, mguu wangu haujasahau.

Mwaka huu nilibaki na nyumba mbili. Wenye nyumba wote nikawatumia swali la kiunoni. Wa kwanza akajibu kwa picha tatu za machweo. Wa pili akaniuliza nitakuja mwezi ukiwa na siku ngapi.

Nimelipia ya wa pili. Kitanda chake sijakiona bado.