Gemu inayochoka kadiri unavyoicheza

Kwa wiki tatu Minecraft yangu ilikuwa inaanza vizuri na kuishia vibaya. Nikiifungua napata fremu, yaani picha, 60 hivi kwa sekunde, mwendo laini kabisa. Baada ya nusu saa zimebaki 45. Ikitimia saa moja na nusu niko kwenye 22, na kila baada ya sekunde chache picha inaganda, kisha inaruka. Nacheza toleo la Java, 1.20.1, lenye modi 94, yaani nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji wengine. Dunia yenyewe tumeijenga mimi na mdogo wangu kwa miaka miwili: mji mzima kando ya ziwa, mnara wa taa, na shamba ambalo yeye ndiye bwana shamba wake. Kuifuta na kuanza upya halikuwa jambo la kufikiria.

Ushauri ambao kila mtu huutoa kwanza ni kupunguza umbali wa kuona. Nikaushusha kutoka chanki 12 hadi 8 (chanki ni kipande cha mraba cha ardhi ya gemu). Punguzo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu wewe unakaa katikati: 12 kila upande ni mraba wa 25 kwa 25, yaani chanki 625, ilhali 8 ni 17 kwa 17, yaani 289. Fremu za mwanzo zikapanda hadi 75. Saa moja na nusu baadaye nikawa palepale kwenye ishirini na kitu. Hapo nikajua nilikuwa natibu ugonjwa usio wangu. Gemu iliyoelemewa huelemewa tangu dakika ya kwanza, lakini yangu ilianza na nguvu halafu ikachoka. Kuna kitu kilikuwa kinarundikana.

Nikaanza na joto, maana ndilo rahisi kupima. Prosesa ilikuwa inafika nyuzi 94, na ikifika hapo inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Nikafungua kompyuta nikakuta vumbi limeshikamana kwenye mapezi ya kupozea kama kipande cha blanketi. Baada ya kusafisha, joto likakaa kwenye 78. Fremu za mwisho zikatoka 22 hadi 29. Nilifurahi, lakini 29 si 60, na kule kuganda kulikuwa bado kupo.

Kisha nikafanya kosa ambalo naona wengi wanalifanya: nikaiongezea gemu RAM, yaani memori ya kufanyia kazi. Kompyuta yangu ina GB 8. Gemu ilikuwa imepewa 4, nikaipa 6. Mambo yakawa mabaya zaidi, na sababu yake ni ya wazi ukiifikiria. Mfumo wa kompyuta, kivinjari na kadi ya picha isiyo na memori yake vyote vinakula kwenye GB 8 hizohizo. Zikibaki 2 tu, mfumo unaanza kuhamishia data kwenye diski, na diski haiwezi kwenda na mwendo wa RAM hata kidogo. Nikarudisha 4.

Aliyenipa ufunguo ni mdogo wangu. Tulikuwa tunacheza pamoja, dunia ikiendeshwa kwenye kompyuta yangu na yeye ameunganisha ya kwake, akasema, "Kaka, ng'ombe wameganda tena." Nikamuuliza fremu zake ni ngapi. "Hamsini na nane." Tulikuwa tumekaa saa mbili. Kompyuta yake ni ya aina moja na yangu, na modi ni zilezile 94. Folda yake niliinakili mimi mwenyewe. Basi nikajiuliza yeye hafanyi nini ambacho mimi nafanya. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu: haondoki shambani. Mimi ndiye ninayepita lango la Nether, ile dunia ya pili ndani ya gemu, kutwa kucha kutafuta vifaa.

Ukibonyeza F3, juu kulia kuna mstari wa memori unaoonyesha asilimia. Huwa inapanda, inafika mahali, halafu inaanguka ghafla, kwa sababu Java, programu inayoiendesha gemu, imezoa taka zake, yaani data isiyotumika tena. Kupanda huko ni kwa kawaida kabisa na hakupaswi kumtisha mtu. Namba ya kuangalia ni ile inayobaki mara tu baada ya kuanguka. Nikachukua daftari. Mwanzoni ilikuwa inaangukia 38. Nikapita lango kwenda na kurudi mara mbili: 47. Mara mbili tena: 57. Nikasimama mjini dakika kumi bila kugusa kitu: 57 vilevile. Nikapita tena: 66. Ilipofika 88, Java ilikuwa inazoa taka bila kupumzika na haipati cha kuzoa, na fremu zikaanguka zote kwa pamoja. Kila nilipovuka lango, dunia niliyoiacha nyuma ilikuwa haifutiki kwenye memori. Modi fulani ilikuwa imeishikilia.

Ugunduzi huo ulinipa kitu kizuri kuliko chote: jaribio la dakika tano badala ya saa moja na nusu. Nikafungua dunia mpya ya majaribio. Tafadhali usijaribu kwenye dunia yako halisi, maana ukitoa modi iliyoleta matofali fulani kisha ukaifungua dunia, matofali hayo yanatoweka na hayarudi. Nikatoa nusu ya modi, nikavuka lango mara kumi, nikasoma namba. Tatizo likibaki, limo katika nusu iliyomo. Likiisha, limo katika nusu niliyoitoa. Kwa 94 unahitaji raundi saba. Mimi nilifanya tisa, kwa sababu modi nyingine hazifunguki bila maktaba zake, yaani faili za msaada ambazo modi hizo huzitegemea, ikabidi nizihamishe pamoja.

Ilikuwa modi ya ramani ndogo ya pembeni. Ilikuwa inahifadhi dunia ya zamani ili iichore ramani yake, na haikuwa inaiachia. Toleo jipya lilikuwa limeshalirekebisha hilo. Langu lilikuwa la miezi minane nyuma. Nikabadilisha faili moja, kwangu na kwa mdogo wangu.

Jana tumecheza saa tatu. Nimevuka lango mara kumi na nne, namba imebaki kwenye 41, na fremu 61 hadi tunafunga. Sokoni tu, penye wanakijiji wengi, ndipo zinaposhuka hadi 44, lakini nikiwapa mgongo zinapanda papo hapo, na hali iko hivyo tangu dakika ya kwanza. Hilo ni la uchoraji wa wahusika wenyewe. Nitalianza Jumamosi, kwa modi inayowabadilisha mavazi.