Jabali la jioni, kioo cha dirisha na gesi joto

Mwanza hatuhitaji maabara kumweleza mtoto gesi joto, yaani gesi za angani zinazozuia joto la ardhi lisitoroke lote. Mawe yanatosha. Chagua jabali kubwa ambalo upande wake wa magharibi umepigwa na jua tangu adhuhuri. Jua likishazama, kwenye saa moja jioni, asogeze shavu karibu nalo, sentimita tano hivi, bila kuligusa. Atahisi joto. Ingiza kadibodi katikati: joto linakatika papo hapo. Maana yake halikuletwa na hewa. Ni mionzi inayotoka jiweni, ambayo macho hayaioni.

Sasa toa kadibodi, weka kipande cha kioo cha dirisha, kingo zikiwa zimefungwa selotepu. Jiwe analiona vilevile, lakini joto halimfikii. Hapo ndipo penye somo lote: mwanga unapita, mionzi ya joto inazuiwa.

Kioo kisikae zaidi ya sekunde kumi, kwani nacho hupata joto kikaanza kulitoa, na mtoto atachanganyikiwa. Kama mvua imenyesha au upepo wa ziwa umevuma sana, ahirisha, jiwe limeshapoa. Bati halifai, linapoa upesi mno. Mulika nyufa kwanza, nyoka nao hupenda joto hilo.

Angani kazi hiyo ya kioo hufanywa na gesi joto: mvuke wa maji, hewa ukaa (kabonidayoksaidi) na methani. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ni karibu hewa yote, huiachia mionzi ipite. Gesi joto huinyonya, kisha huitoa pande zote, na sehemu yake hurudi ardhini. Bila hizo, wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri; sasa ni kama 15 juu yake. Kwa hiyo tafadhali usimfundishe mtoto kwamba ni sumu. Shida ni kuzidi. Kabla ya viwanda, katika kila molekuli milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa hewa ukaa. Leo zimepita 420, hasa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa kufyeka misitu. Tundu la ozoni ni habari nyingine, usilichanganye humu.

Methani mtoto anaweza hata kuiona ikitoka kama mapovu. Vijidudu huitengeneza pasipo na oksijeni: tumboni mwa ng'ombe, ambaye huitoa zaidi kwa kubeua, kwenye majaruba ya mpunga ya Magu na Misungwi, na kwenye tope la mafunjo. Chomeka fimbo ndefu kwenye tope hilo, mapovu yatapanda. Fanya hivyo ukiwa nchi kavu. Maji ya kwenye majani ndiko konokono wa kichocho wanakokaa.