Taarifa zako zikivuja: laini kwanza, nywila baadaye

Kampuni ikitangaza kwamba mifumo yake imeingiliwa, tangazo huishia na ushauri uleule: badilisha nywila. Si ushauri mbaya. Ila kwa mtu wa Dar, Mwanza au Mombasa huo ni wa pili au wa tatu, kwa sababu huku kwetu pesa zinakaa kwenye laini ya simu, benki inatutambua kwa laini, na hata barua pepe ukiisahau nywila inafunguliwa kwa ujumbe unaoingia kwenye laini hiyohiyo. Aliyeshika laini yako ameshika vyote hivyo, hata kama nywila yako ina herufi thelathini.

Kabla hujagusa kitu, chukua karatasi uandike kilichovuja. Kampuni ikisema "baadhi ya taarifa za wateja", wapigie wakwambie ni zipi. Kisha zigawe mafungu mawili. Kuna zinazobadilika: nywila, namba ya siri, kadi ya benki, na kwa usumbufu kidogo namba ya simu. Kuna zisizobadilika: tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, namba ya kitambulisho, alama za vidole. Fungu la kwanza unalimaliza jioni moja. La pili likishatoka limetoka, na kazi inayobaki ni kuhakikisha hakuna mlango unaofunguka kwa taarifa hizo peke yake.

Mlango wa kwanza watu wengi wameuacha wazi bila kujua. Itazame namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Mwenye namba hiyo hana haja ya kukuuliza umri. Sasa, kama namba ya siri ya pesa zako kwenye simu ni mwaka wako wa kuzaliwa, umeiandika kwenye kila fomu, kila nakala ya kitambulisho na kila daftari ulilowahi kujaza. Ibadilishe leo. Usiweke mwaka wa mtoto wala wa ndoa, maana hiyo mwizi anaisoma Facebook.

Kisha piga *106#. Kwa Tanzania, menyu hiyo inakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama una laini za mitandao mitatu, piga kwenye kila moja. Ukiona namba usiyoijua, usiipigie kuuliza "wewe nani?", utamshtua bure. Ipige picha skrini, nenda duka la kampuni yenyewe na kitambulisho chako, siyo kwa wakala wa mwavuli, wakuondolee usajili huo. Namba ya namna hiyo ikitumika kutapeli watu, jina linalotokea kwenye kumbukumbu ni lako, na wewe ndiye utakayeitwa kwanza kujieleza.

Namba za namna hiyo zinasajiliwaje? Mara nyingi si kwa udukuzi wowote. Wakala anakwambia "kidole hakijasoma, rudia", unarudia, kumbe kile cha kwanza kilisoma na cha pili kinasajili laini nyingine. Kwa hiyo ukiambiwa urudie, omba kwanza uione skrini inasema nini. Ukitoka pale, piga *106# hukohuko umesimama. Mwenye nia njema hatakasirika.

Kenya pia *106# inafanya kazi ya kukuonyesha namba zilizo chini ya kitambulisho chako. Zaidi ya hapo, mteja wa Safaricom anaweza kupiga *100*100# akajifungia laini, na kuanzia hapo haibadilishwi na mtu yeyote isipokuwa kwenye duka la kampuni. Ni bure na inachukua dakika moja. Ajabu ni kwamba wengi wanaifahamu baada ya kuibiwa.

Kuibiwa laini kwenyewe kuna dalili moja kubwa: mtandao unakata ghafla kwenye simu yako huku wa jirani mwenye mtandao huohuo unasoma. Zima na uwashe simu mara moja tu. Usipoona mabadiliko, usikae kusubiri "mtandao urudi". Azima simu, piga huduma kwa wateja (100 kwa mitandao ya Tanzania), na useme mambo mawili kwa pamoja: fungeni laini, fungeni na akaunti ya pesa. Ukitaja laini peke yake, mhudumu anaweza kushughulikia laini peke yake. Baada ya hapo benki, halafu polisi uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa uliyotoa.

Mtu anaweza kuuliza: mwizi akipata laini, si bado hana namba ya siri? Kweli hana. Lakini anaweza kupiga simu na kusema ameisahau, akaulizwa maswali: jina kamili, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, pengine muamala wa mwisho. Matatu ya kwanza yamo kwenye taarifa zilizovuja. La nne anaweza kulitengeneza mwenyewe kwa kukutumia shilingi elfu moja asubuhi ile, kama mtu aliyekosea namba. Pesa usiyoitarajia kutoka kwa usiyemjua, hasa baada ya kusikia taarifa zako zimevuja, ichukue kama onyo. Kama anataka zirudishwe, arudi kwa mtandao wake aombe.

Tanzania kuna kinga ya alama ya kidole kwenye kurudisha laini, kwa hiyo tapeli anahitaji mtu wa ndani au kidole chako mwenyewe. Ndiyo maana wengi wao hawahangaiki na laini, wanaipita kwa nyuma. Wanakupigia wakijiita watu wa mtandao, wanakutajia jina lako lote na namba ya NIDA ili uwaamini, kisha wanakuambia upige namba inayoanza na *21* au **21* "kuhakiki usajili". Hiyo inaelekeza simu zako zote kwenye namba yao. Kisha wanaiomba WhatsApp isome namba ya uthibitisho kwa sauti, simu inaita kwao, nao wanaingia kwenye WhatsApp yako.

Kuangalia kama umeelekezwa, piga *#21#. Kufuta uelekezaji wote, piga ##002#. Angalizo: hiyo ya pili inafuta pia uelekezaji wa kwenda kwenye ujumbe wa sauti, kama unautumia itabidi uuweke upya. Na kwenye WhatsApp yenyewe, ingia Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili, uweke tarakimu sita. Ukishaiweka, mtu aliyepata namba yako ya uthibitisho bado anakwama, na bila hizo sita hawezi kuifungua akaunti kwa siku 7. Siku hizo ndizo za kurudisha laini na kujisajili upya. Halafu tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta ya steshenari uliyowahi kuingia mwaka jana inaweza kuwa bado imo.

Kuna wanaoshauri kuweka namba ya siri kwenye kadi ya simu yenyewe. Weka, lakini ujue inasaidia wapi. Inamzuia aliyekwapua simu asiitoe laini na kuiweka kwenye simu yake. Haimzuii aliyetengenezewa laini mpya. Ukikosea namba hiyo mara tatu unaombwa PUK, yaani namba ya kuifungulia kadi, na PUK ukiikosea mara kumi kadi imekufa. Tafuta PUK yako kabla hujaanza kucheza na mipangilio hiyo.

Barua pepe sasa. Watu hubadilisha nywila ya Gmail, wakapumua, na mwizi akaendelea kusoma. Sababu ni kwamba alipoingia aliweka kanuni ya kupeleka nakala ya kila barua kwenye anwani yake, na kanuni hiyo haifutiki kwa kubadilisha nywila. Kwa hiyo fungua mipangilio kwenye kompyuta, angalia sehemu ya usambazaji na sehemu ya vichujio, futa usichokiweka wewe. Ondoa vifaa usivyovijua. Kisha angalia namba ya simu iliyowekwa ya kurejesha akaunti. Kama ni ile laini uliyoiacha droo miaka miwili, iondoe, maana namba zisizotumika hurudishwa sokoni na sasa inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa. Uthibitishaji wa hatua mbili uweke kwa programu inayotengeneza namba ndani ya simu, siyo kwa ujumbe mfupi. Google inakupa namba 10 za akiba, kila moja inatumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi, zikae na vyeti vyako. Ukizihifadhi humohumo kwenye simu, siku simu ikiibiwa zinaondoka nayo.

Nywila zenyewe sina mengi. Hatari yake ni kurudia: nywila iliyovuja kwenye duka la mtandaoni inajaribiwa na mashine kwenye barua pepe, Facebook na benki. Tovuti ya haveibeenpwned.com, aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013, inakuonyesha anwani yako imetokea kwenye uvujaji upi. Isipoonyesha kitu usishangilie sana, haina kila uvujaji. Na usidhani muda unaponya. Nywila za LinkedIn ziliibwa 2012, na rundo lake kubwa likaonekana likiuzwa 2016. Namba za simu za watumiaji milioni 533 wa Facebook zilizokusanywa hadi 2019 zilimwagwa bure Aprili 2021.

Huku kwetu, lakini, nina wasiwasi zaidi na steshenari kuliko na wadukuzi. Mtu anataka kuchapisha kitambulisho, anamtumia kijana wa dukani kwa WhatsApp, faili linabaki kwenye simu ya kijana, nakala nyingine kwenye kompyuta, na nakala iliyochapishwa vibaya inafungia karanga. Daftari la wakala wa pesa lina jina lako, namba yako, kiasi na sahihi, na linakaa wazi kwenye kaunta. Daftari la mlinzi getini nalo hivyohivyo. Kwa kitambulisho, nenda na faili kwenye flashi, simama pale mpaka lifutwe, na ufute pia kwenye pipa la taka la kompyuta. Nakala ikishatoka, andika kwa kalamu kupita juu yake, ukigusa kona ya picha bila kufunika namba: "Kwa ajili ya kufungua akaunti ya benki tu", na tarehe. Ofisi ikikataa nakala yenye maandishi, mwambie mhudumu akunakilie mwenyewe kwenye mashine yake huku unaona. Picha ya kitambulisho ukiwa umekishika mkononi usimpe mtu yeyote wa mkopo wa mtandaoni ambaye hujamhakiki, hiyo ndiyo inayotakiwa kufungua akaunti kwa jina lako.

Mtu akikopa kwa jina lako utajuaje? Mara nyingi kwa kupigiwa simu za matusi. Usilipe hata senti "ili yaishe", malipo yanaweza kuchukuliwa kuwa umekiri deni. Omba kwa maandishi mkataba, tarehe, na namba iliyopokea fedha. Namba hiyo ikiwa si yako, ndiyo ushahidi wako. Kisha omba taarifa yako ya mikopo kwa kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji: Tanzania ni Creditinfo na Dun & Bradstreet, Kenya ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kanuni za Kenya zinakupa taarifa moja ya bure kila mwaka. Usiangalie madeni tu. Angalia orodha ya waliouliza habari zako, maana taasisi usiyoijua ikikutafuta leo, mkopo unaweza kuwa unaombwa wiki hii.

Kwa upande wa sheria, tuna meno kuliko tunavyoyatumia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: kampuni ikigundua uvujaji wenye hatari ya kweli, inapaswa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72, nawe ujulishwe kwa maandishi, na malalamiko kwa Kamishna yanapaswa kuhitimishwa ndani ya siku 90. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Kujifanya mtu mwingine kwa kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ujumbe wa kitapeli nao, wa "ile hela tuma namba hii", unapelekwa 15040, ukifuatiwa na namba iliyoutuma.

Barua kwa kampuni isiwe ya kulalamika kurasa tatu. Maswali manne yanatosha: taarifa zangu zipi zilitoka, lini mligundua, nani mwingine mmempa taarifa hizo, na zipi mnaweza kuzifuta sasa. Itume kwa barua pepe ili ibaki na tarehe, na nakala nyingine uipeleke kwa mkono igongwe muhuri wa kupokelewa. Kwenye lalamiko la Tume utaambatanisha barua hiyo, majibu yao kama wamejibu, picha za skrini za *106#, na RB. Picha za skrini zionyeshe saa na tarehe. Ukizikata pembeni ili zionekane nadhifu, unakata hicho hicho kitakachohitajika.