Mbwa Anayeitika

Hapa Mikindani mbwa wengi hulala nje, huitwa kwa ukali, na hujifunza wakiwa bado wadogo kwamba mkono wa binadamu ukiinuka una jiwe ndani yake. Tangu mbwa wangu, Tuone, aletwe nyumbani kutoka kwenye mikorosho ya ndugu yangu kule Nanguruwe, nimekuwa nikiandika habari zake kidogo kidogo katika shajara hii, na leo nataka kueleza kwa utulivu kwa nini naamini kwamba katika miji yetu ya pwani, ambako wengi wetu hatumshikishiki mbwa, malezi ya upole yanayotegemea sauti na chakula yanatufaa kuliko njia nyingine yoyote.

Nyumba yetu ni ya Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwetu ni najisi inayooshwa mara saba, mara moja ikiwa kwa udongo. Wapo wanaodhani kwamba hukumu hiyo peke yake inatosha kumfanya mbwa awe kiumbe cha kufukuzwa. Lakini Kurani, katika aya ya 4 ya Suratul-Maida, inahalalisha windo la wanyama waliofunzwa kuwinda na kuwataja wanadamu kuwa ndio wanaowafunza; na sote tulisimuliwa madrasa habari za mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na kwa tendo hilo akasamehewa dhambi zake. Hukumu ya najisi inanielekeza namna ya kujitwaharisha. Sijaona mahali iliponiruhusu kumpiga mnyama.

Hatua ya kwanza haikuhitaji nimguse kabisa. Nilikuwa nakaa barazani asubuhi na mapema, jua likiwa halijaanza kuchoma, na pembeni nina bakuli la dagaa wakavu waliokatwa vipande visivyozidi punje ya hindi. Nilitamka neno moja, "safi", na papo hapo nikamrushia kipande. Sikumtaka afanye lolote. Nilichotaka ni neno hilo lifungamane na dagaa akilini mwake, kwa njia ambayo mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa mbwa waliotokwa na mate waliposikia tu sauti iliyozoea kutangulia chakula. Neno likishapata maana, humweleza mbwa ni tendo lipi hasa lililompatia riziki yake, hata akiwa mbali na kipande kikichelewa kumfikia. Kinachohitaji uangalifu mkubwa ni wakati wa kulitamka. Likitoka katika sekunde ile ile anayogeuza shingo kuniangalia, anajifunza kuniangalia. Likichelewa mpaka ameshawageukia kuku, anajifunza kuwatazama kuku.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya, ya mbwa wanaolala vitandani, na aangalie Morogoro. Pale katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kutambua makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu, na mafunzo yao yanakwenda kwa mpango huu huu: mlio mfupi wa kubofya, kisha chakula, mara nyingi ndizi. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma tu, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imekwisha kuondolewa mabomu ya ardhini yaliyojulikana. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Kwetu sisi wa Mtwara, ambao wengi tuna ndugu upande wa pili wa mto, habari hiyo si ya mbali. Kuna mashamba yanayolimwa leo kwa sababu mnyama mdogo alifundishwa bila kuchapwa.

Baada ya neno "safi", nilimfundisha "njoo". Nilianza akiwa hatua chache kutoka kwangu, mahali pasipo na kelele, kisha nikaongeza umbali pole pole hadi kufika mwisho wa uwanja. Sharti nililoliwekea nyumba nzima ni kwamba "njoo" lisitumike kamwe kumwitia jambo asilolipenda. Ikiwa ni lazima kumfunga, kumwogesha au kumtoa kupe, tunamfuata alipo. Mbwa aliyeitwa akaja kisha akachapwa kwa kosa la saa iliyopita haunganishi kipigo na kosa hilo. Anakiunganisha na kule kuja kwake, na mara nyingine ataona ni salama zaidi kubaki mbali.

Jirani yangu, mzee mvuvi ambaye hunitazama kutoka kwenye kivuli cha mwembe wake huku akishona nyavu, alinihoji siku moja: "Mwalimu, na dagaa wakiisha? Huyo si atakudharau?"

Nilimjibu kwamba swali lake ni la haki. Mwanzoni kila tendo hulipwa, lakini mbwa akishalishika, malipo hutolewa mara hii na kuachwa mara ile, bila utaratibu anaoweza kuutabiri, na tabia hudumu zaidi kwa namna hiyo kuliko kwa malipo ya kila mara. Tena malipo si chakula peke yake. Tuone akija nikamwambia "haya, nenda", akaruhusiwa kurudi kunusa pale alipokuwa, ruhusa hiyo kwake ni ujira. Mzee alinisikiliza, akaendelea na nyavu zake, na sina hakika kama alikubaliana nami.

Suala la kuku wa majirani lilichukua muda mrefu kuliko yote, na nadhani ndilo linalowaponza mbwa wengi mtaani kwetu. Tulianzia mbali, pale ambapo Tuone aliwaona kuku lakini bado aliweza kunisikia. Kila alipowaangalia kisha akanigeukia, alipata kichwa cha samaki wa feri, malipo makubwa kuliko dagaa, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa kubwa kuliko kuitika. Alipowakazia macho asinisikie tena, nilijua tumesogea karibu kupita kiasi, tukarudi nyuma.

Kuhusu fimbo, nina msimamo. Utafiti uliofanywa Ureno na kuchapishwa mwaka 2020, ukihusisha mbwa 92, ulionyesha kwamba waliofunzwa kwa adhabu walikuwa na dalili nyingi zaidi za msongo na kiwango kikubwa zaidi cha homoni ya kotisoli katika mate baada ya mafunzo kuliko wale waliofunzwa kwa malipo. Kwangu, hata hivyo, hoja iliyo nzito zaidi ni ya watoto. Mbwa anayechapwa kila anapounguruma anaweza kuacha kuunguruma huku hofu yake ikiwa pale pale, na mtoto anayemkaribia anapoteza onyo ambalo angelipata kabla ya kuumwa.

Na hapa ndipo kuitika kunapokuwa jambo la uhai. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ilikuwa miongoni mwa ile iliyofikiwa na kampeni kubwa ya chanjo ya mbwa iliyoanza mwaka 2010 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, ambalo hushauri kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa ili ugonjwa ukatike. Siku bwana mifugo anapokuja, utaona mbwa wakiburutwa kwa kamba hadi wanakosa pumzi, na wengine hawaletwi kabisa kwa sababu hakuna awezaye kuwakamata. Mbwa wa namna hiyo hakosi mtu wa kumfuga. Anakosa mtu wa kumwamini.

Kwa Tuone tulijiandaa mapema. Nilimgusa bega akiwa mkavu na mkono wangu ukiwa mkavu, hali ambayo kwa nilivyofundishwa haihamishi najisi, kisha dagaa. Baadaye nilimbana ngozi kidogo, kisha dagaa, na mwishowe nilimgusa kwa ncha ya kalamu. Bwana mifugo alipomdunga, alishtuka, akanitazama, akapokea kichwa chake cha samaki. Chanjo hurudiwa kila mwaka, nami nataka mwakani aje kwa hiari vile vile.

Wajukuu wa yule mzee wamepata mtoto wa mbwa wa miezi miwili hivi, umri mzuri sana, kwa kuwa kati ya wiki ya 3 na ya 14 mbwa huwazoea kwa wepesi watu, sauti na vitu vipya. Wamekuja kuniuliza waanzie wapi. Nimewaambia waanze na jina lake tu, kwa dakika chache kabla ya chakula cha jioni, na kamba wamwachie kwanza sakafuni ainuse mpaka aizoee, ndipo wamvishe shingoni.