Nilivyoongoza klabu ya teknolojia chuoni, Tabora, tukiwa na laptopu nne

Mimi sikugombea, niseme hilo mapema maana kuna watu wanadhani nilikuwa na maono. Mwenyekiti aliyekuwepo alikuwa anamaliza mwaka wa tatu, kikao cha kumuaga tulikuwa watu tisa chini ya mwembe, akauliza nani hapa ana laptopu yake, nikanyoosha mkono, bas ndo uongozi ukaanza hivyo.

Chuo chetu wengi ni kozi za ualimu, watu wa Kiswahili, historia, jiografia, wa kompyuta ni wa kuhesabu. Kikao changu cha kwanza walikuja sitini na kitu, nikavimba kichwa kabisa, nikawasha projekta ya kuazima nikaanza kumwaga mambo ya akili bandia na roboti, desa nililolisoma usiku wa kuamkia siku hiyo. Masaa mawili naongea mimi tu. Wiki ya pili wakaja ishirini. Wiki ya tatu saba, na kati ya hao wawili walikuja kuchaji simu, wala hawakuficha, walikaa pale pale kwenye soketi. Mi nikawa nalalamika hosteli nzima eti madenti wa siku hizi hawako siriasi.

Sasa siku hiyo hiyo ya watu saba umeme ukakatika nikiwa slaidi ya kumi na nne. Giza. Dada mmoja wa mwaka wa pili, kwao Urambo, akaniambia taratibu tu, "Mwenyekiti samahani kaka angu, ila haya mambo yatanisaidia nini mimi nikienda field kufundisha?"

Sikuwa na jibu, nimesimama na rimoti ya projekta iliyozimika. Nikamuuliza, we field iliyopita ulisumbuka na nini? Akasema matokeo.

Kwa asiyejua, kidato cha nne A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. A ni pointi 1, inashuka hivyo hivyo mpaka F pointi 5. Unachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi unajumlisha pointi, 7 hadi 17 ni divisheni wani, 18 hadi 21 tuu, 22 hadi 25 thrii, 26 hadi 33 foo, 34 na 35 ziro. Mtoto mmoja ni rahisi, ila yeye shuleni alipewa watoto mia na ushee kwa kalkuleta na peni nyekundu, mwalimu wa taaluma akamwambia nyie vijana ndo wepesi wa haya mambo, akaenda zake nyumbani. Saa sita usiku akampa mtoto ziro kumbe ana foo. Mzazi alikuja shuleni asubuhi hata chai hajanywa.

Tukaamua hapo hapo gizani, kwa tochi za simu, kuandika programu ya kupiga hayo matokeo, hiyo ndo kazi ya klabu semista nzima. Roboti baadaye.

Laptopu zilikuwa nne, moja betri yake ukichomoa waya tu inazima. Lakini simu kila mtu anayo, na kuna programu inaitwa Pydroid 3, unaandika Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu na ikishaingia haihitaji bando kuendesha kodi, yaani maagizo uliyoandika. Mmoja akashusha, wengine tukarushiana simu kwa simu kwa Xender, waliojaza simu ikabidi wafute miziki, kuna jamaa aliomboleza kama kafiwa. Wiki mbili nzima tulipigana na kibodi tu, maana simu inajifanya mwalimu wa lugha, unaandika print yenyewe inaweka P kubwa, Python haielewi, unamwagiwa maandishi mekundu na mtu anadhani kaharibu simu ya watu. Mpaka tulipojua ni kuzima ile setingi ya herufi kubwa.

Halafu ikaja siku ya 64.5. Tulikuwa tumeandika madaraja kama yanavyosomeka ukutani, 75 hadi 100 A, 65 hadi 74 B, 45 hadi 64 C, 30 hadi 44 D, kinachobaki chote F. Tukajaribu alama kama kumi hivi, safi, makofi. Kuna mbishi mmoja wa hesabu akaingiza 64.5, ikatoka F. Wote kimya. Akarudia, F. Mtoto wa 64 ana C, mwenzie kamzidi nusu kapewa F! Tukaikodolea macho mpaka yule dada wa Urambo akachora mstari ubaoni, C imeishia 64, B inaanzia 65, katikati kuna mwanya, nusu imedumbukia humo ikaenda kuangukia kwenye "kinachobaki". Dawa yake ni kuanzia juu bila kuweka mwisho, ikiwa 75 au zaidi A, kama sivyo ikiwa 65 au zaidi B, unashuka hivyo mpaka chini, mwanya unakufa. Hapo ubishi ndo ukaanza sasa, 64.5 ibaki C au unamkadiria 65 apate B? Walimu watarajiwa wakagawanyika pande mbili, kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mi nilikaa siti ya nyuma kama dakika arobaini sijafungua mdomo na hakuna aliyenikumbuka.

Hela haikuwa ishu kubwa, buku mbili kila mtu kwa semista. Mi nilitaka tishirti, mhazini akanikatalia mbele za watu akanunua eksteni mbili. Tishirti hatuna mpaka leo.

Nilipoharibu ni kwenye funguo. Kila kitu nilishika mimi, ufunguo wa chumba, paswedi, na kwenye grupu admini ni mimi peke yangu. Nikala sapu moja, mtihani wa kurudia (najua nimeitafuta mwenyewe, nilikuwa narekebisha kodi za watu usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa semista), nikajifungia kupiga msuli, na wiki tatu klabu haikukaa kwa sababu ufunguo uko mfukoni kwangu na mtu anaogopa kunigongea. Niliporudi tukakubaliana ufunguo unalala kwa anayefundisha wiki inayofuata, na hakuna kufundisha mara mbili mfululizo. Wengine walifundisha vibaya kweli, mmoja alisoma kwenye simu dakika ishirini bila kuinua uso, nikauma meno nikanyamaza. Sitini hawakurudi tena, tukabaki kumi na tano, siku nyingine ishirini. Kipindi cha embe wanaongezeka, sijui kwa nini.

Mwaka uliofuata uenyekiti akachukua dada wa Urambo, kwa kura kabisa, sio kwa kunyoosha mkono kama mimi. Akaenda field na ile programu ya matokeo kwenye simu.

Jumamosi moja nipo home Isevya natafuna michembe, ikaingia voisi noti yake. Kuna mtoto aliugua akakosa mtihani wa biolojia, masomo yake sita yote D, programu imempa thrii, na mwenzake mwenye D saba kapewa foo. Nikaacha sahani nikapiga hesabu, D sita ni pointi 24, thrii kweli, D saba ni 28, foo. Tulisema chukua saba bora na hatukuwahi kuiambia ifanye nini zisipofika saba, kwahiyo kukosa mtihani kumekuwa faida. Nikaanza kuandika maelezo marefu, fungua hapa, ongeza mstari pale, hesabu masomo kwanza kabla ya kujumlisha, nimefika nusu ikaingia meseji yake.

"Nshaweka kaka, zikiwa chini ya saba inaandika INC, hayajakamilika. We endelea kula."