Kamisaa Makinda na mzee wa barazani

Kuna viongozi wakitoka madarakani ndiyo basi tena. Siyo Mama Anna Makinda. Sensa ya 2022 yeye alikuwa Kamisaa wa Sensa, na mimi karani, kishikwambi mkononi, nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja akanikatisha hata maswali ya kaya hatujafika mbali: "Huyu kamisaa wenu si ndiye yule Spika?" Ndiye. Basi dodoso likasubiri, maana mzee alimfuatilia tangu zamani.

Bungeni aliingia 1975, binti wa Njombe, enzi za chama kimoja na Mwalimu akiwa Ikulu. Naibu Spika 2005. Halafu 2010 akawa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika Tanzania. Si kila uamuzi wake pale kitini niliupenda, na Bunge lile lilikuwa na kelele kwelikweli, lakini miaka mitano aliimaliza. Kwa fani ni mhasibu, kwa hiyo kuhesabu watu nadhani hakukumpa shida (utani huo ni wangu).

Matokeo yalipotoka tulikuwa watu 61,741,120.

Mzee alitaka pia kujua kamisaa analipwa shilingi ngapi. Nikamwambia baba, mimi ndiye ninayeuliza hapa.