Stata ya tatu hii, kumbe mchawi ni waya

Mnaoniuliza mbona siku hizi naonekana na daladala za Sakina hapa Arusha, gari ilikuwa haiwaki. Sasa inawaka, lakini aisee nimetoa hela ya kutosha kumaliza darasa zima la ufundi umeme.

Gari yenyewe ni saluni ya Kijapani ya 1996, manyuo, injini 1500, haijawahi kunisumbua kitu cha maana mpaka mwaka jana mwezi wa tisa. Asubuhi nazungusha ufunguo, tak, kimya. Nazungusha tena, tak. Fundi wa mtaani akaja na rungu lake la spana akaingia chini akaigonga stata, ile mota inayoigeuza injini mpaka iwake, mara mbili, ikawaka hapo hapo, akasema kaboni, vile vipande vya kupitisha umeme ndani ya stata, zimekwisha. Na alikuwa sahihi, kaboni zikilika zinashindwa kugusa vizuri pale zinapopelekea umeme, ukigonga zinashtuka zinagusa. Tukabadilisha, elfu ishirini na tano, nikasahau.

Wiki sita tu. Safari hii siyo tak moja, ni taktaktaktak kama cherehani. Nikaambiwa solenoidi, ile swichi ya stata, imeungua, achana nayo tafuta stata nyingine, nikashuka Unga Limited nikapata ya mtumba laki na ishirini. Hiyo nayo ikakaa miezi mitatu ikaanza kuzunguka kwa kujivuta, siku moja nimeshikilia ufunguo naikazania tu iwake nikasikia harufu, kutoka nje moshi. Waya za ndani zimeungua. Nikasema basi spea za mtumba za huku zimechoka, nikatafutiwa nyingine Moshi, tukaiweka chini pale dukani tukaiunga na betri ikazunguka kama feni, nikarudi nayo nachekelea. Wala sikujua kwamba stata kuzunguka ikiwa chini haina mzigo wowote, hata iliyochoka inazunguka. Kazi yake ni kuigeuza injini, siyo kuchezesha hewa.

Mwezi wa sita huo, na baridi la huku mnalijua, oili inakuwa nzito, betri nayo inapungua nguvu. Nikawa nalaza gari kwenye mteremko, jiwe kwenye tairi, asubuhi natoa jiwe naachia klachi inashtuka. Kuna mama jirani yangu Mchaga anawahi na ndizi zake sokoni Kilombero, kila akipita ananikuta na jiwe mkononi, "Yeleuwi baba, leo tena?" Leo tena mama.

Stata ya Moshi ilipofika wiki mbili ikaanza taktaktak. Hapo nikagoma kununua nyingine. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja fundi umeme, Mbauda kule, shikamoo mzee, marahaba, nikaanza kumwelezea mambo ya stata akanikatiza. "Stata yako sitaki kuiona. Kabla ya ile ya kwanza kufa, gari iliguswa wapi?" Nikafikiria weee, nikakumbuka mwezi wa nane nilibadilisha klachi pleti kwenye gereji moja. Maana yake gia boksi ilishushwa. Mzee akaguna tu.

Akachukua mita yake. Betri imetulia volti 12.6, safi. Akaniambia piga stata, betri ikashuka 10.8, bado safi. Na ndo hapa mafundi wote walipoishia, maana kila mmoja alipima betri akasema betri nzima, kwa hiyo stata mbovu. Mzee akahamisha, waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, piga tena: 2.1. Ile namba inatakiwa iwe karibu na sifuri, ikipita nusu volti ujue kuna shida. Yani betri inatoa 10.8 ila volti mbili zinapotelea njiani wakati umeme unarudi, stata inabaki na nane na kitu. Halafu akaniambia shika waya wa ekseleta. Nikashika, wa moto! Waya wa kuvuta mafuta, unapata moto wa nini?

Kumbe ule waya mnene wa ethi, wa kurudisha umeme, unaotoka hasi ya betri kwenda kufungwa kwenye gia boksi, wale waliobadilisha klachi hawakuurudisha. Ulikuwa umening'inia nyuma ya betri, kichwa chake kina kutu kabisa. Umeme wa stata ni zaidi ya ampea mia, usipopewa njia yake unajitafutia, ukapita kwenye kiwaya chembamba cha bodi, mwingine kwenye waya wa ekseleta. Mwaka mzima kasoro nimeendesha hivyo.

Na vifo vyote vikaeleweka. Solenoidi inahitaji nguvu kuishikilia ile shaba ya ndani, volti zikianguka inaachia, ikiachia volti zinapanda inashika tena, ndo hiyo taktaktak, na kila mguso ni cheche, shaba inaungua. Ile ya pili ilikuwa inazunguka kivivu, injini inachelewa, mimi nang'ang'ania ufunguo sekunde kumi na tano wakati stata haina hata feni ya kujipoza. Hiyo niliiua kwa mkono wangu, wacha niseme ukweli.

Mzee akatengeneza waya mpya kwa kipande cha waya wa mashine ya kuchomelea, akakwangua rangi na kutu mpaka chuma kikang'aa, akafunga. Mita ikasoma 0.2. Stata ya Moshi akaifungua akabadilisha shaba zake, hatukununua kitu kingine. Yote elfu thelathini na tano. Nami nimejinunulia mita, nashinda nayo kama mtoto na toi.

Kitu kimoja kimebaki. Injini ya silinda nne ukiizima hupenda kusimama sehemu zile zile mbili, kwa hiyo stata inauma meno yale yale ya flaiwili, lile gurudumu la meno nyuma ya injini, kila siku, na yangu yametafunwa upande mmoja. Mara moja moja inapiga krrrr tu haishiki. Naweka gia ya nne, nashuka naisukuma kidogo injini isogee, narudi inawaka. Kuyabadilisha mpaka gia boksi ishuke tena, na siku ikishuka nitakuwa nimesimama pale pale, ule waya wa ethi nimeushika mkononi mpaka bolti yake ifungwe.